Herufi Tisa

Dirisha namba nne, karani hakuinua uso.
"Jina?" Nikamwambia. "Rudia." Nikarudia.
Vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko masikio,
vikaandika Cecilia.

Ningesema, lakini foleni ilinisukuma mgongoni,
vumbi la Septemba lilikuwa limetujaa kooni,
na gari la Mpunguzi halimngoji mtu anayesahihishwa.
Kadi nikaifunga kwenye pindo la khanga
pamoja na nauli na ugoro wa mama mkwe.

Tangu hapo Cecilia anaishi kwangu. Hali, halimi.
Kupiga kura, anapiga yeye.
Mkopo wa pampu kausaini yeye, kulipa nimelipa mimi.
Siku ile ya presha, pale zahanati,
muuguzi aliita: Cecilia! Cecilia!
nami nimekaa kwenye benchi, nimetulia tuli,
namsikitikia huyo mama kiziwi.

Sechelela ni neno la bibi yangu.
Alilitamka akichambua mlenda,
mwaka ambao uwele ulikataa, mimi nikakubali.
Maana yake shangilia. Hakuna aliyeshangilia,
walikuwa na njaa. Bibi akasema
jina halingoji shibe.

Mjini wakisikia tu lafudhi yangu wanakaza mifuko:
"Mgogo huyo, sasa hivi atanyoosha mkono."
Mkono naunyoosha, ndiyo.
Naunyoosha juu ya waya, nafunga matawi ya mzabibu
kwa uzi wa katani, safu kumi na nne,
miaka ishirini na miwili.
Divai wanakunywa walewale.

Kisha mume wangu Mhembano akafa.
Arobaini haijatimia, shemeji Ndahani
akasimama mbele ya baraza la kata, akaweka mezani
cheti cha ndoa na nakala ya kadi yangu.
"Marehemu kaka alimwoa Sechelela," akasema, kwa upole kabisa.
"Huyu mama ni Cecilia. Serikali imeandika.
Mimi nani, nibishane na serikali?"

Watu waliokula wali wa harusi yangu
wakatazama vidole vya miguu yao.
Mwenyekiti akakohoa:
"Mama, una ushahidi kwamba wewe ni wewe?"

Nilitafuta.
Ushahidi huo mtu huuweka wapi? Sandukuni? Chini ya godoro?

Ndipo sauti ya Nyamwanji ikapasua kutoka ng'ambo ya barabara:
"Sechelelaa! Mbuzi wa Ndahani wako kwenye mizabibu yako!"
Sikumbuki kuinuka.
Nakumbuka fimbo mkononi, jua usoni,
na ndala moja nimeiacha barazani
chini ya meza ya sheria.

Nasikia walicheka. Nasikia Ndahani hakucheka.

Lakini kicheko hakina muhuri.
Kiapo cha wakili: beberu mmoja.
Barua ya mtendaji, picha, nauli, njoo kesho,
njoo Alhamisi, mtandao uko chini.
Shauri limeahirishwa mara ya tatu,
na mbuzi wale bado hawajajua mpaka.

Leo niko tena dirisha namba nne.
Karani ni mwingine, binti mdogo, kucha za bluu.
"Jina?"
Naegemeza viwiko vyangu vyote viwili.
Nyuma yangu mtu anasonya, mwingine anasema mama harakisha.
S, namwambia. Iandike, nami nitazame.
E. Subiri, usinimalizie,
wengi wamenimalizia.
C, halafu H,
hizo usizitenganishe, ni wake wenza waliopatana.
Zimebaki tano, mwanangu,
na gari leo
nimeliambia litangulie.